Kingatiba ya trakoma nyumba kwa nyumba, Kongwa: kazi safi, ila maji

Huku kwetu upande wa Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza na unaoweza kupofusha, tunaishi nayo. Mama mkwe wangu kope zimemgeukia ndani, akipepesa tu zinakwaruza jicho. Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani liliposhauri ugawaji wa dawa kwa jamii nzima, yaani kingatiba, usimame kwa sababu ya korona, niliwaza macho ya wanangu. Julai mwaka huohuo likatoa mwongozo wa kuurudisha kwa tahadhari, na kingatiba iliporudi kijijini nilikaa mlangoni niione hiyo tahadhari.

Zamani tulijazana shuleni, watoto wamebanana, kikombe kimoja kinazunguka. Safari hii mgawa dawa alitufuata nyumbani na barakoa yake, akasimama uani.

"Shikamoo bibi. Naomba kila mtu atoke na kikombe chake."

"Marahaba mjukuu wangu," mama mkwe akaitikia.

Zithromax, dawa ya trakoma, hupimwa kwa kimo, si kwa kilo. Fimbo ya kupimia akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yetu ya tembe, mtoto akajisogeza mwenyewe, yeye akasoma alama kutoka hatua mbili nyuma; hakuna cha kushikana mabega. Vidonge alivimimina kwenye kifuniko cha kopo, kisha kiganjani mwa mtoto, bila kuvigusa. Mwanangu wa mwisho, wa dawa ya maji, nilimnywesha mimi kwa kijiko chetu. Kichanga cha jirani hakijatimiza miezi sita, kikapewa dawa ya kupaka machoni, mama akaelekezwa apake mwenyewe. Daftari na kalamu havikutoka mikononi mwa mgawaji, wala hakuandika jina kabla mtu hajameza mbele yake. Kijana yule nampongeza kwa moyo wote.

Kilichoniuma ni maji. Tuliambiwa tunawe kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kupokea dawa, lakini ndoo haikuletwa. Kiangazi huku dumu la maji tunanunua! Mama mmoja jirani, hana hata tone ndani, aliona haya, akasema watoto wamelala. Wakakosa dawa. Na hao ndio wenye tongotongo linaloita nzi, maana uso usiooshwa ni njia mojawapo ya ugonjwa wenyewe.

Tena walipita saa tano asubuhi, vijana wote wako machungani.

Utaratibu huu wa nyumba kwa nyumba usiachwe hata baada ya korona. Duru ijayo waje jioni ng'ombe wakisharudi, na kila mgawa dawa apewe dumu la maji na kipande cha sabuni kutoka hukohuko zinakotoka dawa.