Kliniki ya uvimbe Dar, maoni yetu sie tulotoka Pemba

Naandika kwa wenzangu wa Pemba na Unguja mloambiwa mna desmoidi, maana sie wakati tunahangaika na mdogo wangu hatukupata hata wa kumuuliza. Ni uvimbe wa nadra mno, watu kama 5 au 6 katika kila milioni kwa mwaka, si saratani, hauruki kwenda kwenye mapafu wala ini, lakini unajipenyeza kwenye misuli iloko karibu kama mizizi na ukikatwa unaweza kurudi pale pale. Yeye umemtoka kwenye nyama ya tumbo baada ya kujifungua.

Hospitali ya mwanzo hapa kisiwani sina neno, wametupa rufaa haraka. Ya pili ndo ilotuudhi, operesheni wameshaipanga na majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe walichokitoa kukipima, hayajatoka, na wanazungumza na mumewe tu na mwenye tumbo kakaa pale pale anawatizama! Nyota mbili, na hizo za manesi.

Kliniki ya Dar nyota tano wallahi. Daktari kamgeukia yeye, mama unaumwa vipi, usiku unalala, mtoto unambeba, unataka kuzaa tena? Kisha kamfahamisha taratibu kwamba zamani ukionekana tu unakatwa, siku hizi madaktari wa maradhi haya wamekubaliana uangaliwe kwanza, emaarai (MRI, picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) baada ya mwezi au miwili halafu kila miezi 3 mpaka 6, maana mwengine hutulia na mwengine hunywea wenyewe bila ya kisu. Ukizidi kukua ndo zinakuja dawa, na iko moja, nirogacestat, ilopitishwa Marekani 2023, ila kamwambia wazi inaweza kuvuruga ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Mdogo wangu anataka mtoto mwengine, kasema basi mie nasubiri, na ikaandikwa kwenye faili kuwa hilo ndilo alilolichagua. Nimefurahi mpaka machozi.

Kilichopungua katika safari yote ni mawasiliano, hospitali na hospitali haziongei, karatasi unabeba mwenyewe kwenye boti. Kwa hiyo ombeni sidii (CD) ya picha yenyewe, msikubali ripoti peke yake, na vile vioo vya maabara vilowekwa kinyama pia mviulizie kabla hamjaondoka, na emaarai mkiweza fanyeni sehemu ile ile kila mara ili daktari alinganishe vizuri.