Chozi wa bustani za Nairobi: jenasi moja au kadhaa?

Kwanza, chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua pale Arboretum au Karura si mvumaji. Wavumaji (familia ya Trochilidae) wanaishi Amerika tu, na jamaa zao wa karibu ni teleka. Chozi wako katika familia ya Nectariniidae.

Mpangilio wa zamani wa majina ya kisayansi uliwaweka wengi wao ndani ya jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), Nectarinia. Ni rahisi kukariri, ila jenasi inageuka gunia: chozi wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu humo humo na yule mdogo wa tumbo la njano. Mpangilio wa sasa unawatenga. Wa shaba amebaki Nectarinia kilimensis, mwenye kifua chekundu ni Chalcomitra senegalensis, mdogo ni Cinnyris.

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Katika sarufi ya Kilatini, Cinnyris ni jina la kiume, kwa hiyo yule mdogo, zamani Nectarinia venusta, huwa Cinnyris venustus, si “Cinnyris venusta”. Senegalensis haibadiliki, maana -ensis hufaa kiume na kike. Na kwa kuwa Linnaeus, mwanasayansi aliyempa jina huyo wa kifua chekundu mwaka 1766, alimweka katika jenasi nyingine, Certhia, jina la Linnaeus huingia kwenye mabano: Chalcomitra senegalensis (Linnaeus, 1766).

Kwa orodha mpya, chagua mpangilio wa sasa. Ukipekua daftari za zamani, tafuta majina yote mawili.