Uzoefu wangu na Aflasafe kwenye mahindi ya Mwakirunge

Msimu wa mvua za mwaka uliopita nilimwaga Aflasafe KE01, ukungu usio na sumu wa kukinga mahindi na ule wenye sumu, kwenye shamba langu la mahindi huku Mwakirunge, Mombasa, na nitainunua tena. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani wengi wanaiogopa bure. "Mjomba, watu wanaukimbia ukungu, wewe wauleta kwa pesa?" aliniuliza mzee mmoja wa hapa kwetu, na swali lake ni la haki.

Nilimweleza kwamba ukungu huu ni jamii moja na ule mbaya, Aspergillus flavus, ila huu hauna uwezo wa kutengeneza sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoxin. Ukienea shambani mapema unalikalia hindi kabla ya ule wenye sumu, kama abiria aliyewahi kiti kwenye matatu: anayekuja nyuma anakuta pamejaa.

Aflasafe yenyewe ni mtama ambao umekaushwa kwa moto hata hauoti tena, ukapakwa mbegu za ukungu na rangi ya buluu. Unatengenezwa na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Katumani, Machakos. Kipimo ni kilo 4 kwa ekari. Hakuna kuchanganya na maji wala kubeba bomba mgongoni, unarusha kwa mkono ukitembea kati ya mistari. Wakati wake ni wiki 2 hadi 3 kabla mbelewele hazijatoka, na hapo ndipo pa kuangalia sana, maana mbegu zetu za pwani kama PH4 hazikawii kuchanua. Ukiona mbelewele za kwanza ndipo uende dukani, umeshachelewa.

Ardhi lazima iwe na unyevu. Mimi nilimwaga jioni, baada ya manyunyu. Siku chache baadaye nikainama chini ya mahindi, nikaona zile punje za buluu zimeota vumbi la kijani pande zote. Nilifurahi mno, kwa sababu vumbi hilo ndilo linalopeperuka hadi kwenye hindi. Udongo ukiwa mkavu punje zinakaa tu bila kuota kitu, na mvua kubwa ikipiga zinasombwa hadi mtaroni. Kuku nao wafungieni, kwao huo ni mtama kama mtama mwingine.

Ninalolalamikia ni upatikanaji. Duka moja la pembejeo mjini halikuwa nayo, na muuzaji akataka kunipa dawa ya kupulizia majani, ambayo si kazi yake kabisa. Agizeni mapema.

Jambo jingine, msiitegemee kwa kila ugonjwa. Haizuii fugwe, ule ugonjwa wa unga mweusi kwenye hindi, wala haigusi ule ukungu wa rangi ya waridi wa Fusarium, ambao una sumu yake nyingine. Kwa hiyo wakati wa kuvuna nilichambua hindi moja moja, yaliyooza nikayatenga, mazuri nikayaanika juu ya turubai, kamwe si chini kwenye mchanga. Joto na unyevunyevu wa Mombasa havina huruma na nafaka. Mahindi yasiposhuka hadi asilimia 13.5 ya unyevu, usiyatie guniani.

Kabla ya kupeleka kisiagi nilipeleka sampuli maabara ipimwe sumukuvu, iliyochotwa kutoka kila gunia, juu, katikati na chini. Majibu yalikuja chini ya kiwango cha Kenya, ambacho ni sehemu 10 kwa bilioni. Wapo walionishauri niache kipande bila dawa ili nilinganishe, lakini kwa shamba dogo haifai, upepo unaubeba ukungu huo hadi upande wa pili.

Gharama ipo, sikatai. Lakini sumukuvu haionekani kwa macho, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Nikiwapakulia watoto wangu sima ya mahindi niliyolima mwenyewe, nataka niwe na hakika na ninachowapa.

Mlio na mashamba yanayopakana na langu, tuagize pamoja kabla mvua hazijaanza. Eneo likiwa kubwa, ukungu mwema unapata nguvu zaidi, na usafiri wa mzigo tutagawana.