Nyumba ya wageni ya kanisa, Lushoto: siku tatu bila jembe

Nimekaa siku tatu mwezi wa saba katika nyumba ndogo ya wageni ya kanisa, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Natoa nyota nne, na namwandikia hasa mtu anayepanda kule akiwa amechoka moyoni.

Nilitoka Tanga na basi la asubuhi. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona tupu, mnapita Soni, masikio yanaziba. Anayetapika garini akae mbele. Beba sweta na soksi, baridi ya Julai kule si ya kubahatisha. Chumba ni kisafi: kitanda, meza, blanketi mbili nzito, dirisha linatazama mikaratusi. Bomba la maji ya moto lilifanya kazi siku moja tu. Siku nyingine nililetewa ndoo kutoka jikoni. Taa ni hafifu. Nyota iliyopungua ni hiyo.

Nilikwenda na daftari. Tangu mume wangu aanze kuugua figo nilikuwa naandika kila siku: saa nilizoomba, mifungo, mikesha, sadaka. Mfungo wa siku arobaini niliufanya mara tatu. Alipofariki, dada mmoja wa kikundi nilichokuwa nasali nacho aliniambia palepale msibani kwamba huenda kuna mahali tulilegea. Miaka miwili nimekuwa nikifunua zile kurasa usiku, naitafuta siku niliyolegea. Kule Lushoto nilikuwa nimepanga kufunga tena.

Siku ya kwanza mchana tulipewa makande na parachichi. Harufu ilinishinda, nikala. Nilipomaliza nikabeba sahani yangu, nikaingia jikoni, nikakunja mikono ya gauni nikaanza kuosha na za wenzangu. Mama mpishi, Msambaa wa makamo, akatumbukiza mikono yake kwenye karai, akanishika viganja humo humo ndani ya povu. Akasema taratibu, "Mama, kazi hii ina mwenyewe. Wewe nenda kakae."

Nilikwenda nikakaa barazani, mikono inadondosha maji, sijui niiweke wapi.

Kesho yake kwenye ibada ya asubuhi mchungaji mstaafu alisoma Waebrania sura ya 4: "Kwa maana yeye aliyeingia katika raha yake amestarehe mwenyewe katika kazi yake, kama vile Mungu alivyostarehe katika kazi zake." Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Injili ya Walutheri iko Usambara tangu wamisionari Wajerumani wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891. Nilifundishwa kipaimara kwamba tunaokolewa kwa neema. Niliijua kama ninavyoijua jedwali la kuzidisha. Mzee akatukumbusha habari za Luther kijana, mtawa kule Erfurt, anafunga, anakesha, anaungama kwa saa nyingi, kisha anaondoka na hofu ileile, mpaka Warumi 1:17 ilipomfungukia: mwenye haki ataishi kwa imani. Nikaona daftari langu.

Baada ya chai nikamfuata. Nikamweleza yote, la msibani pia. Hakuharakisha. Akasema, "Mwanangu, uhai wa mumeo haukuwahi kuwekwa mikononi mwako. Ulimpenda, ukamwombea. Mwenye kazi alikuwepo." Nikamuuliza, na Yakobo anayesema imani bila matendo imekufa? Akanifungulia Waefeso 2, akaniwekea kidole chini ya aya ya 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema. Matendo yapo, akasema, ila yanakuja baada ya kuumbwa, hayatuumbi. Nililia pale, na hakuna aliyeniwekea mikono wala kupaza sauti. Aliniongezea chai.

Alasiri nilitembea hadi Irente, kilomita tano hivi kutoka mjini. Nilinunua mkate mweusi na jibini pale shambani, nikaenda kukaa kule kwenye mwamba unaotazama tambarare mbali chini. Nikalala kwenye majani saa mbili nzima, mchana kweupe. Sikumbuki mara ya mwisho nililala mchana bila kuona nimemwibia Mungu muda.

Siku ya tatu nikarudi jikoni. Nikamwambia mama mpishi, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, nipe jembe langu." Akacheka, akasukuma kigoda kwa mguu. "Hapa hatugawi majembe. Kaa, nikumenyee peasi."

Ibada ni kwa hiari, hakuna anayekugongea mlango. Jumamosi vyumba hujaa, kwa hiyo piga simu mapema. Kurasa za daftari zilizobaki tupu nilizichana nikampa binti yake mpishi, alikuwa na hesabu za likizo.