Uzoefu wangu: chupa ya chai ya chuma kwa maziwa ya kopo ya usiku

Chupa ya chai ninayoielezea hapa ni ya lita moja, ya chuma cha pua ndani na nje, yenye mdomo wa kumiminia na kifuniko kinachogeuka kikombe. Niliinunua Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, kwa shilingi 38,000 baada ya kupunguziwa kutoka 45,000, na tangu siku hiyo haijawahi kutiwa chai. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kutunza maji yaliyochemka kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, ili mapacha wetu, Kulwa na Doto, wachanganyiwe maziwa papo hapo kila wanapoamka. Kwa kazi hiyo nimeridhika nayo sana, ingawa ina kasoro ambazo nitazitaja, na ingawa maelezo yaliyochapwa kwenye boksi lake yametiwa chumvi.

Watoto wetu walizaliwa njiti, na maziwa yangu hayakuwatosha wote wawili. Daktari ndiye aliyeagiza tuongeze ya kopo. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mama anayenyonyesha bila shida asome hapa akadhani kwamba namshauri aache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na usiku hakuna kifaa cha dukani kinachoshindana na ziwa la mama, kwa kuwa halihitaji kuchemshwa, kupozwa wala kuoshewa chupa. Ninayoyaandika yanawahusu wale ambao, kama sisi, wamelazimika.

Sababu ya kuhitaji maji ya moto sana, na si ya vuguvugu, ni kwamba unga wa maziwa ya kopo hautoki kiwandani ukiwa hauna kijidudu hata kimoja. Bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii, pamoja na wale wa jamii ya Salmonella, wanaweza kuwamo hata ndani ya kopo ambalo halijafunguliwa bado. Hutokea kwa nadra, lakini kichanga aliye chini ya miezi 2, na hasa njiti, akipatwa na huyo wa kwanza anaweza kupata maambukizi ya damu au ya utando wa ubongo, ambayo si ya kuchezea. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2007 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa unataka maji yanayochanganywa na unga yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, kwa kuwa joto hilo huwaua. Kinachowachanganya wazazi ni kwamba makopo kadhaa yana maelekezo ya kuyaacha maji yapoe hadi yawe vuguvugu ndipo unga utiwe. Niliyapeleka maelezo ya kopo letu kliniki, na muuguzi akanijibu bila kusita kwamba kwa watoto wa aina ya hawa wetu nifuate nyuzi 70, kisha nipoze maziwa yakiwa tayari yamechanganywa.

Basi shida yote ya usiku iko hapo. Maziwa yenyewe yanatengenezwa kwa dakika moja. Linalosumbua ni kuyapata maji ya nyuzi 70 na zaidi saa nane za usiku, mtoto mmoja akilia na mwenzake akijiandaa kumwitikia. Jagi la umeme lingetosha kama umeme ungekuwa wa uhakika, na jiko la gesi lipo, ila kuwasha moto na kusubiri sufuria ichemke huku umebeba mtoto ni jambo ambalo halipendezi kabisa kwa mtu aliyelala vipande vipande.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Magu kunisaidia, alinionea huruma akaniambia, "Mwanangu, si uyatengeneze yote jioni uyatie humo kwenye chupa ya chai, usiku unamimina tu?" Nikamwambia, "Mama, maziwa yakishinda na joto yanaharibika upesi, kliniki wamekataza." Hakubishana nami, kwa sababu ameuza maziwa ya ng'ombe kwa miaka mingi na anajua maziwa ya asubuhi huwaje ifikapo jioni. Nalitaja hili kwa kuwa ndilo wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu akiiona chupa hii, na ndilo matumizi ya hatari kuliko yote: maziwa yaliyokwisha kuchanganywa yakitunzwa yakiwa na uvuguvugu kwa saa kadhaa, bakteria wachache waliobaki au walioingia baadaye huzaliana humo kwa raha zao. Ndani ya chupa ya chai yanaingia maji matupu tu. Anayelazimika kutengeneza mapema anatakiwa kuyapoza maziwa haraka na kuyaweka kwenye friji isiyozidi nyuzi 5, kwa muda usiozidi saa 24, sharti ambalo friji yetu, inayofunguliwa na kila mtu na kuzimika kila umeme unapokatika, haiwezi kulitimiza.

Sasa niseme kuhusu joto lenyewe, maana hapo ndipo boksi linapodai kwamba maji hubaki ya moto kwa saa 24. Nina kipimajoto cha jikoni chenye ncha ya chuma, na nimekitumia kwenye chupa hii mara nyingi. Kwanza ifahamike kwamba Mwanza maji hayafiki nyuzi 100: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 96, na anayeona kipimajoto chake kinaishia hapo asikirudishe dukani akidhani ni kibovu. Nikiisuuza chupa kwa maji ya moto, nikayamwaga, kisha nikaijaza hadi shingoni saa tatu usiku, huanza na nyuzi 94. Saa sita husoma 88, saa nane 83, na saa kumi na moja alfajiri 76 au chini kidogo, baada ya kuchotwa mara mbili. Ifikapo saa tatu asubuhi imeshuka hadi 67, yaani maji bado yanaunguza mkono na yanafaa kabisa kwa uji wa mtu mzima, lakini kwa unga wa mtoto wangu yamekwisha muda wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maji ya moto ya mwenye boksi na maji ya moto ya mwenye kichanga.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelijua bila kipimajoto. Maji ya nyuzi 76 yakimiminwa kwenye chupa ya mtoto iliyokaa mezani hupoteza nyuzi kadhaa mara moja, na chupa ya kioo huyapoza zaidi kuliko ya plastiki. Kwetu maziwa ya alfajiri huchanganywa yakiwa yamebaki na nyuzi 71 au 72, karibu mno na 70 kuliko ninavyopenda. Kwa hiyo usiku wa baridi, upepo wa ziwani unapopanda hadi huku Bwiru, naivika chupa ya chai kitenge kilichokunjwa mara nne, na maji ya zamu ya alfajiri nayapima kabla ya kutia unga; yakiwa chini ya 70, nawasha gesi. Asiye na kipimajoto yuko salama zaidi akichemsha upya alfajiri kuliko kukisia kwa kidole.

Zamu yenyewe huenda hivi. Mtoto anapoanza kugugumia, kabla hajalia, nanawa mikono kwa sabuni na kumimina maji kwanza kwenye chupa mbili zilizochemshwa jioni, hadi alama ya mililita 90. Kisha natia vijiko vitatu vya unga katika kila moja, kwa kuwa kopo letu linataka kijiko kimoja kwa mililita 30, na kila kijiko nakisawazisha kwa mgongo wa kisu safi bila kushindilia. Unga ukizidi mtoto hukosa maji ya kutosha mwilini, ukipungua hashibi wala haongezeki uzito. Usingizi ni mshauri mbaya sana wa kuhesabu vijiko, hivyo nahesabu kwa sauti. Nikishafunga na kutikisa, chupa zote mbili zinaingia kwenye bakuli la maji ya mtungi, ambayo ni baridi kuliko ya bomba, nikihakikisha maji hayafiki kwenye chuchu. Nazizungusha humo mpaka tone likidondoshwa ndani ya kifundo cha mkono lisikike kuwa vuguvugu, si moto. Huchukua dakika chache ambazo Kulwa huziona kama karne. Nafuta chupa kwa kitambaa safi, tunaanza. Kinachobaki baada ya saa 2 kinamwagwa, hata kama kopo ni ghali, na ni ghali kweli.

Kwa walio karibu na ziwa kama sisi, lipo jambo la ziada. Siku za mwezi mwandamo vijidudu virukavyo vya ziwani hujaa kwenye taa kwa makundi, na mtu akiacha kopo wazi kwa dakika moja atakuta vimeelea juu ya unga. Nimeacha kuwasha taa kubwa. Natumia taa ndogo ya kuchaji iliyo upande wa pili wa chumba, na kopo linafunikwa kila baada ya vijiko.

Kabla ya chupa hii, wifi yangu alinipa kifaa cha umeme cha kupashia chupa za watoto, kile kinachofanana na kikombe kikubwa chenye maji ndani. Sikitaji jina lake, kwani nadhani vingi vinafanana. Kazi yake ni kupasha maziwa yaliyokwisha kutengenezwa, wala hakikuumbwa kuyapa maji nyuzi 70, kwa hiyo tatizo langu hakikuligusa. Isitoshe kinashawishi uiache chupa humo saa nzima ikisubiri mtoto aamke, wakati mwongozo unasema maziwa yaliyotoka kwenye friji yasipashwe kwa zaidi ya dakika 15. Umeme ukikatika ni pambo la mezani. Kwa mwenye friji ya uhakika na maziwa ya mama yaliyokamuliwa kinaweza kuwa na manufaa. Kwangu kimerudi kwa mwenyewe pamoja na shukrani.

Kuhusu kasoro za chupa ya chai, ya kwanza ni mpira wa kifuniko. Ulikuwa na harufu kali ya kiwandani ambayo iliondoka tu baada ya kuchemshwa na kulowekwa mara kadhaa, na baada ya muda ukaanza kulegea, maji yakawa yanachuruzika ikilazwa. Ya pili ni shingo yake, nyembamba kiasi kwamba mkono hauingii, hivyo ni lazima uwe na brashi ndefu. Ya tatu ni uzito: ikiwa imejaa haifai kuinuliwa kwa mkono mmoja na mtu aliyebeba mtoto kwa mkono wa pili, na maji ya nyuzi 83 hayana msamaha. Tumekubaliana na Baba Kulwa kwamba watoto wote wawili wawe wamelazwa kitandani kabla mtu hajashika chupa, na kwamba makazi yake ni rafu ya juu.

Dukani nilionyeshwa pia ile ya kubonyeza kwa juu, ambayo inavutia kwa kuwa humimina bila kuinamishwa. Niliiacha kwa sababu ya bomba lake la ndani, ambalo huwezi kulisugua wala kuliona, na ambalo hubaki na maji ya jana. Ile ya kioo ndani hutunza joto vizuri na bei yake ni ndogo, lakini ikigongwa kidogo tu kioo hupasuka, na sitaki vipande vya kioo karibu na maziwa ya mtoto.

Kwa safari nimeijaribu kwenye kivuko cha Kamanga, tukienda Sengerema, na maji yalikuwa bado yanafaa tulipofika. Mchana nyumbani siitumii sana, kwa kuwa jiko liko karibu na muuguzi wetu anapendelea tuwalishe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na chuchu. Usiku bado sina mikono ya kutosha kwa hilo.

Anayetaka kuinunua achague ya lita moja hata kama ana mtoto mmoja, kwa sababu chupa iliyojaa hupoa polepole kuliko iliyo nusu, na aombe kuijaza maji ya moto palepale dukani, aifunge na kuishika kwa nje baada ya dakika chache: ikiwa ubavu wake umepata joto, hewa imeingia kati ya kuta zake mbili, ambapo haitakiwi kuwapo, na joto halitafika hata saa sita usiku. Aulize pia kama mpira wa akiba wa kifuniko unapatikana. Wangu niliupata kwa fundi wa vyombo pale Kirumba kwa shilingi 2,000, na chupa haijachuruzika tena.