Siku Nne Katika Nyumba ya Kupanga Kijijini Crovie, Uskoti

Nyumba niliyoipanga kwa siku nne huko Crovie, kijiji cha zamani cha wavuvi katika pwani ya kaskazini ya Aberdeenshire, ilitangazwa kuwa inatazama bahari. Hapo ndipo ninapomlaumu mwenye nyumba, kwani maji yako hatua chache tu kutoka mlangoni, ilhali ukiwa sebuleni huyaoni isipokuwa kupitia kidirisha kimoja.

Sababu yake ni ya kihistoria, na ilistahili kuelezwa kwenye tangazo. Crovie ilikaliwa mwishoni mwa karne ya 18 na familia zilizoondolewa mashambani na wenye ardhi waliotaka malisho ya kondoo, nazo zikalazimika kutafuta riziki baharini, chini ya genge, mahali ambapo ardhi tambarare ni ukanda mwembamba usiotosha hata barabara. Nyumba nyingi zilijengwa zikiipa bahari ubavu, ule upande mfupi, ili wimbi likija lisipate ukuta mpana wa kuupiga. Hata hivyo, dhoruba ya tarehe 31 Januari 1953 ilibomoa baadhi ya majengo, wakazi wengi wakahama, na leo nyumba zilizobaki hukaliwa zaidi na wageni wa likizo.

Gari huachwa mwanzoni mwa kijiji, na kutoka hapo mizigo husukumwa kwa toroli kwenye njia ya miguu inayopita kati ya nyumba na bahari. Tangazo halikulitaja jambo hilo pia, nami nilikuwa na masanduku mawili makubwa, kosa ambalo nakiri lilikuwa langu kwa sehemu.

Ndani sina la kulalamikia: kuta nene za mawe zilizuia upepo, jiko lilikuwa safi, na usiku sikusikia kingine ila mawimbi. Mchana nilikwenda Troup Head, jirani na hapo, ambako ganeti, ndege wakubwa weupe wa baharini, hutaga mayai kwenye magenge, na hilo ndilo koloni lao, yaani makazi yao ya kuzaliana, kubwa kuliko yote Uskoti bara, nje ya visiwa.

Ningeipanga tena nyumba hiyo bila kusita, ila si majira ya baridi, na safari hiyo nitabeba mkoba mmoja wa mgongoni.