Kadi za picha za msamiati: zinafaa, ila usizitumie kama zilivyotoka kwenye boksi

Boksi la kadi za picha, picha juu na neno chini yake, hununuliwa haraka na kuishia kabatini haraka vilevile. Kwa darasa la kwanza na la pili ni kifaa kizuri, mradi ulichambue kwanza.

Tazama ukubwa. Kadi ya A7 (milimita 74 kwa 105) inatosha watoto wanne mezani, lakini ukisimama nayo ubaoni walio nyuma wanakisia tu. Kwa darasa zima chukua A5 au zaidi. Zile zenye plastiki inayong'aa hurudisha mwanga wa dirisha, na baadhi ya watoto huona weupe mtupu. Inamisha ukingo wa juu mbele kidogo.

Kasoro kubwa iko kwenye picha. Kadi imeandikwa "jino" lakini imechorwa kinywa kilichojaa meno: mtoto anajibu "meno", na yuko sahihi. Ndege angani ameandikiwa "kuruka", kisha mtoto anayeruka kamba naye anaitwaje? Neno "mto" lenye picha ya mto wa kulalia linahitaji mwenzake wa maji, la sivyo maana moja inafukuza nyingine. Kadi za namna hii ziweke kando mpaka uzitafutie jozi.

Kosa jingine ni kuacha neno wazi chini ya picha. Mtoto husoma picha, mwalimu akadhani amesoma neno. Lifunike kwa kipande cha karatasi. Tamka neno, warudie, onyesha picha, eleza maana kwa maneno mepesi, toa sentensi, kisha kila mtoto amwambie jirani yake sentensi yake. Ndipo ufunue maandishi. Maneno 4 hadi 6 kwa kipindi yanatosha. Yarudie kesho yake, baada ya siku 3, na baada ya wiki. Siku ya kupima andika neno ubaoni bila kadi, maana wapo wanaoitambua kadi kwa kona yake iliyokunjika (wajanja hao!).

Mpangilio wa mada nao ni mtego. Kijiko, uma na kisu vikifundishwa vyote vipya siku moja, wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili huvichanganya. Changanya mada mwanzoni. Kusanya vya jikoni pamoja wakati wa marudio.

Upande wa nyuma, ambao kwa kawaida ni mtupu, andika wingi na silabi: kwa ulimi, ndimi; kwa kitanda, ki-ta-nda, wala si ki-tan-da. Ng'ombe hugawanyika ng'o-mbe, na ile alama ya ritifaa isisahaulike.

Kwa mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili, kadi ya "kuku" ni ya kusomea tu, haimwongezei neno lolote. Tafuta boksi lenye pezi, kwato, shina, kichuguu. Na kwa "kabla", "aibu" au "subiri" usitoe pesa kabisa: uso wa mtu aliyejiinamia utaitwa huzuni, usingizi au maumivu ya tumbo. Maneno hayo yafundishe kwa kuigiza. Watoto wawili, mpira mmoja, na amri ya "subiri" vinatosha.